Maswali ya Wasomaji: Kiongozi wa Kanisa Apumzike Lini?

SWALI: Nachunga makanisa matatu karibu na Malaba, na katikati ya wiki nina duka. Ijumaa kesha, Jumamosi mazishi au harusi, Jumapili ibada tatu. Simu hulia hata saa nane usiku. Nikikaa kimya mbele za Mungu, akili inakimbilia mahubiri au madeni. Wazee wangu husema mtumishi wa Mungu hachoki. Nipumzike lini? – *Mchungaji, Malaba*

JIBU: Mchungaji, ukingoja kazi iishe, hutapumzika kamwe. Watu watafiwa, wataoana na watagombana mwaka mzima. Ndiyo maana Kutoka 34:21 inaagiza kupumzika hata wakati wa kulima na wa kuvuna, yaani wiki zile ambazo mkulima ana sababu nzuri kabisa ya kutopumzika.

Na hao wazee wasomewe 1 Wafalme 19. Nabii Eliya alichoka mpaka akaomba kufa. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamlisha mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Alipofika mlima Horebu ndipo alipoulizwa, "Unafanya nini hapa?" Jibu lake ni lile la kila kiongozi aliyechoka: nimesalia mimi peke yangu. Kumbe walikuwapo watu 7,000. Akarudishwa na majina matatu ya kutia mafuta, Hazaeli, Yehu na Elisha, ili mzigo ugawanywe. Pumziko lako nalo litaanzia hapo, kwenye kugawa mzigo, kabla hujafika kwenye kimya.

Chagua siku moja. Kwa wachungaji wengi inafaa kuanzia Jumapili saa moja jioni hadi Jumatatu saa moja jioni. Itangaze Jumapili tatu mfululizo, makanisa yote matatu, pamoja na jina la mzee wa zamu. Mzee huyo apewe orodha iliyoandikwa: mambo anayoyaamua mwenyewe, mambo yanayongoja Jumanne, na mambo ambayo lazima uamshwe. Haya ya mwisho yasizidi mawili, kifo na mgonjwa mahututi. Hata kifo kikitokea, yeye ndiye aende kwanza kuomba na familia. Wewe utafika kuzika. Fedha nazo zisikufuate. Akaunti ikiwa na watia sahihi watatu na wawili wakatosha, hakuna atakayekutafuta Jumatatu kwa ajili ya mafuta ya jenereta.

Simu usiizime tu, maana hofu ya kukosa habari itakufanya uiwashe kila baada ya nusu saa. Tafuta laini ya pili ambayo namba yake wanaijua watu wawili, mzee wa zamu na mkeo. Laini ya kanisa akae nayo mzee.

Sasa kile kimya chenyewe. Lala mpaka uamke mwenyewe. Kisha soma fungu fupi ambalo huna mpango wa kulihubiri. Zaburi 131 ina aya tatu tu. Lisome kwa sauti, polepole, mara tatu, bila kalamu. Kalamu ikiwa mkononi, mhubiri huanza kupanga vichwa vya somo, na hapo umerudi kazini. Madeni yakija kichwani, yaandike kwenye karatasi moja, ikunje, iweke chini ya Biblia mpaka Jumanne. Nusu saa ya kwanza huwa na kelele nyingi ndani. Usiinuke. Wengi huinuka hapo, wakidhani hawana karama ya kutulia.

Wiki za mwanzo unaweza kuumwa kichwa au kulala mchana kutwa. Ni uchovu uliokuwa umefichwa na haraka. Wiki ya tatu au ya nne atafika mtu nyumbani akitaka "dakika tano tu". Mgeni hafukuzwi: mpe chai, mwombee, na shauri lake lipangie Jumanne saa tatu asubuhi. Ukilisikiliza siku hiyo, wiki inayofuata watakuja wanne.

Lakini ukikosa usingizi wiki mbili mfululizo, chakula kikakushinda, au ukaanza kutamani kufa kama Eliya, siku moja ya mapumziko haitoshi. Ukitamani kufa, mwambie mtu leo hii na uende usikae peke yako. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Kwenda huko si upungufu wa imani. Eliya naye alipewa chakula kabla ya kupewa neno.

SWALI: Kila Januari sisi viongozi hupanda mlimani siku saba za maombi na kufunga. Narudi nimekonda na hasira ziko karibu. Je, hayo si mapumziko ya kiroho? – *Mzee wa kanisa, Mbarara*

JIBU: Lugha yetu imetuponza kidogo hapa. Kufunga ni kujinyima chakula. Mafungo, kwa jinsi Wakatoliki wanavyolitumia neno, ni kujitenga na shughuli ili kukaa na Mungu, na mtu hula kama kawaida. Kufunga na kuombea kanisa siku saba ni kazi, tena kazi nzito. Endeleeni nayo, ila isihesabiwe kuwa pumziko. Mitume waliporudi kutoka kazini, katika Marko 6, hawakuwa na nafasi hata ya kula, na Yesu hakuwaongezea mfungo. Aliwaita mahali pa faragha wapumzike kidogo.

Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 533, inampa paroko, yaani padri msimamizi wa parokia, hadi mwezi mmoja wa likizo kwa mwaka, na siku za mafungo ya kila mwaka hazihesabiwi ndani ya mwezi huo. Makanisa mengine yangefanya vyema kuiga hesabu hiyo.

Anza na mafungo ya siku tatu, usiku mbili. Siku ya kwanza kula na kulala tu. Ya pili Maandiko, matembezi na kimya. Ya tatu rudi polepole, usifike moja kwa moja kwenye kikao. Baadhi ya monasteri za Uganda, kama ya Watrapisti (watawa wa Kikatoliki) wa Kijura karibu na Fort Portal, zinafuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, inayotaka mgeni apokewe kama Kristo. Uliza nafasi mapema, na ubebe sweta. Jioni za huko ni za baridi. Mwenye kisukari au presha asifunge popote kabla ya kumwona daktari.

SWALI: Mume wangu mchungaji sasa anapumzika Jumatatu. Nyumba imejaa watoto na wageni, na mimi siku hiyo napika mara tatu. Nami ni kiongozi wa akina mama. – *Mama mchungaji, Arua*

JIBU: Mama, hapo pumziko limekosewa. Kutoka 20:10 inawataja mwana, binti, mtumwa, mnyama na hata mgeni aliye ndani ya malango. Siku inayompumzisha mmoja kwa jasho la mwingine siyo ile aliyoiagiza Mungu.

Mana, chakula cha Waisraeli jangwani, siku ya sita iliokotwa maradufu, na jiko lako lifuate mpango huo. Loweka maharage Ijumaa usiku, chemsha Jumamosi mpaka yaive, bila kitunguu wala nyanya, maana viungo hivyo huyafanya yachachuke upesi. Kama hakuna friji, yachemshe tena kila asubuhi na jioni, na ukiyaona yanatoa povu au harufu kali, yamwage. Jumatatu yanabaki ya kukaanga tu. Chagua viazi vitamu au muhogo, si posho ya kusongwa mezani kila mara. Watoto wajaze madumu ya maji Jumamosi. Chai ya asubuhi aipike Baba, na wageni wa Jumatatu awapokee yeye.

Kisha kaeni wawili mgawane siku yenyewe: saa tatu hadi saa sita wewe uwe peke yako na mlango umefungwa, yeye akiwa na watoto, mchana mbadilishane.