Mteja akiandika "amenable", ndiyo amekubali?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kwenye ofisi ya utalii hapa Moshi. Wageni sita waliolipia kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu wametuandikia: "We are amenable to switching to Machame." Bosi anasema wamekubali, nifute nafasi za vibanda. Mimi nasita. Neno hili lina maana gani hasa, na limetoka wapi?

JIBU: Marahaba. Usifute kwanza. Hapo wamesema hawana pingamizi na wazo hilo, basi. Wangekuwa wamekata shauri wangeandika "we agree" au "please switch us". Wajibu ukitaja tarehe, bei mpya, na kwamba Machame hakuna vibanda, watalala kwenye mahema. Waombe wathibitishe kwa maandishi. Wakishathibitisha, futa.

Asili yake ni ya zizini. Kilatini kilikuwa na "minari", kutishia, na kutoka hapo "minare", kuswaga mifugo kwa makelele. Kifaransa kikapata "mener", kuongoza, kisha "amener", kuleta. Waingereza walilipokea kupitia Kifaransa cha mahakamani mwishoni mwa karne ya 16, likiwa na maana ya mtu anayeweza kuletwa mbele ya sheria, atake asitake. Hiari ilikuja baadaye, kama ng'ombe aliyezoea fimbo hadi anajiendea mwenyewe. "Menace", yaani tishio, ni ndugu yake wa damu. "Amen" ya kanisani si ndugu yake; hiyo ni ya Kiebrania.

Maana ile ya kale haijafa, na hapa ndipo wafasiri wanapoumia. Ukikuta "amenable to the jurisdiction of the court" kwenye nyaraka za kesi, ambazo Arusha hazikosekani, usiandike "yuko tayari kushtakiwa". Andika "mahakama ina mamlaka juu yake". Utayari wake haujaulizwa. Vivyo hivyo uvimbe ulio "amenable to surgery" haujakubali chochote: unaweza kutibiwa kwa upasuaji.

Sarufi yake ina mtego mmoja. Baada ya "to" huja nomino au kitenzi chenye "-ing". Wengi huandika "amenable to switch" kwa kudhani "to" hiyo ni ile ya kitenzi. Jipime kwa kuweka "it": "amenable to it" inakaa sawa, kwa hiyo ni "switching".

Na ukitafuta neno mbadala, angalia unamwandikia nani. "Obedient" limetokana na Kilatini "audire", kusikia, sawasawa na msikivu wetu, lakini ni la mtoto kwa mzazi. "Docile", kutoka "docere", kufundisha, siku hizi linamfaa punda mpole. "Compliant" ni la kutimiza masharti, kama vifaa vilivyopita ukaguzi. Kwa mgeni aliyelipa, andika "happy to".