Nikisimama kujinyoosha naitwa mvivu

SWALI: Shikamoo bibi. Nashona sare za shule hapa Morogoro, tuko mafundi wanne. Tunaingia saa 2 asubuhi mpaka jioni. Mchana bosi anatuletea chipsi tule palepale kwenye cherehani ili oda zisichelewe. Nikisimama kujinyoosha ananiita mvivu. Je, nina haki ya kupumzika? – Fundi, Morogoro

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Kwanza hizo chipsi zimeniudhi. Mafuta yakigusa tetroni nyeupe, utafua mpaka uchoke.

Haki unayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inasema mfanyakazi anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mwajiri anaweza kukufanyisha kazi muda huo iwapo tu kazi haiwezi kuachwa bila mtu au hakuna mwingine wa kuifanya. Sketi za marinda hazitoroki. Ila ujue, saa hiyo halazimiki kuilipa, labda awe amekutaka ufanye kazi au ukae tayari kuwapokea wateja.

Mimi nimeshona Ngamiani, Tanga, zaidi ya miaka 30. Msimu mmoja wa Idi sikunyanyuka tangu asubuhi. Ilipofika saa 9 alasiri nikaunga mkono wa kulia kwenye kwapa la kushoto, kanzu tatu mfululizo, na sikuona! Kufumua kulikula jioni yangu nzima, na mwenye duka akanikata pesa juu yake. Tangu siku ile kengele yangu ikawa bobini: uzi ukiisha, nainuka. Nasimama mlangoni, natazama minazi ya ng'ambo ya barabara, maana jicho likitazama karibu kuna msuli ndani yake unaokaza, na ukitazama mbali unalegea. Dakika mbili tatu, kiuno kimenyooka, pumzi imerudi, najaza bobini nakaa. Kupumzika kwenyewe si ndiyo kurudisha pumzi?

Kwa bosi wako usianze na kifungu, atadhani umetumwa. Wiki hii andika kwenye daftari vipande mlivyofumua kabla ya saa 8 mchana na baada yake, kisha umwonyeshe. Hasara ya uzi na muda ataielewa haraka kuliko mgongo wako. Akishupaa, nenda ofisi ya kazi ya mkoa ukamwone ofisa kazi.

Na chipsi mwombe azilete kwenye sahani, mkalie nje.