Kipupwe cha Nyanda za Juu: joto unalo, lizuie lisitoke

Kila mwaka ikikaribia Juni, wageni wanaohamia huku Mbeya na Njombe huniuliza swali lilelile: ninunue hita gani? Wengi ni walimu na wauguzi wapya waliopangiwa kazi, au wanafunzi wa vyuo, wametoka Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Huwa nawaambia wasianze na hita. Nimekulia Makete, sasa naishi Uyole, na nyumbani kwetu hatukuwahi kuwa na kifaa hicho. Joto tayari unalo mwilini. Kazi yako ni kulizuia lisitoke.

Ielewe kwanza baridi yenyewe. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unafika mita 2,600. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hakuna, anga huwa jeupe, na usiku joto la ardhi hupaa upesi kwa sababu hakuna mawingu ya kulizuia. Ndiyo maana Kitulo alfajiri unakuta majani yamefunikwa na barafu nyembamba, halafu saa sita mchana jua linachoma. Kwa hiyo vaa nguo nyepesi kadhaa za kupandishana, uvue moja moja kadiri jua linavyopanda. Koti moja zito litakutoa jasho mchana, na jasho hilo ndilo litakalokutetemesha jioni.

Ya ndani kabisa ikauke upesi, ya kati iwe sweta, ya juu izuie upepo. Mitumbani tafuta sweta la sufu. Soma lebo ya ndani, maana sufu hutunza joto hata ikiwa na unyevu, pamba ikilowa haikusaidii. Boshori lifunike masikio. Soksi usizijaze kwenye kiatu kinachobana, damu haitafika vidoleni na miguu itazidi kuwa baridi. Ndugu zangu wa bodaboda wanaotoka alfajiri, upepo ndio adui yenu mkuu: gazeti au nailoni kifuani, chini ya jaketi, hufanya kazi kubwa.

Nyumbani, watu hujifunika blanketi tatu na bado wanatetemeka. Mara nyingi baridi inatoka chini. Godoro lililolazwa kwenye sakafu ya saruji hunyonywa joto usiku kucha, na sehemu unayoilalia imebanwa, haina hewa ya kukukinga. Weka kitanda. Kama bado huna, tandika maboksi makavu na mkeka chini ya godoro, kisha blanketi moja juu ya godoro chini ya shuka. Asubuhi liinue godoro likauke, la sivyo litashika ukungu. Nyumba nyingi za kupanga zina bati tupu bila dari. Hapo joto jingi linapanda na kupotea, na alfajiri bati linadondosha matone. Ukiweza, zungumza na mwenye nyumba kuhusu dari kabla hujalipa kodi. Upenyo wa chini ya mlango uzibe kwa gunia lililokunjwa. Mapazia mazito yafunge jua linapozama, yafungue asubuhi jua liingie.

Kula vizuri kabla ya kulala, kisha tia maji ya moto, yasiwe yanachemka, kwenye ile chupa ya mpira inayouzwa maduka ya dawa. Izungushie kanga, iweke miguuni. Pombe usiitegemee. Komoni, pombe yetu ya kienyeji, hukufanya uhisi joto kwa sababu damu imekimbilia kwenye ngozi, na huko ndiko joto linakotorokea.

Sasa jiko la mkaa. Hapa nawasihi. Usilale nalo chumbani, hata usiku mmoja, hata kama mtoto analia kwa baridi. Watu hudhani mkaa ukishashika, ukawa mwekundu na moshi umeisha, basi ni salama. Si salama. Mkaa huo bado unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Anayeivuta akiwa macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inalegea. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Mkitaka kuota moto, oteni nje au jikoni penye hewa, kisha jiko libaki hukohuko mnapokwenda kulala. Ukimkuta mtu amelegea chumbani penye jiko, mtoe nje mara moja, kisha hospitali bila kuchelewa, hata akisema amepata nafuu.

Mtoto mchanga alale karibu na mama, avishwe kofia na soksi mchana na usiku, ila asifunikwe uso. Kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, humpa joto kuliko blanketi lolote. Wazee wetu nao wakaguliwe kila asubuhi: mzee aliyepoa sana huenda asitetemeke; anaongea polepole na kuchanganyikiwa, watu wakadhani ni uchovu. Mbadilishie nguo kavu, mfunike, mpe kinywaji cha moto kama anaweza kumeza, na mpeleke kituo cha afya.

Blanketi zito litafute mapema, Mei, pale soko la Mwanjelwa mjini Mbeya, kabla baridi haijashika na kila mtu hajaanza kuliulizia.