Sgt. Pepper: ya 2009 au ya 2017?

Mkuu, umeuliza uchukue Sgt. Pepper, ile albamu ya Beatles ya 1967, ipi kati ya rimasta ya 2009 (sauti imesafishwa tu) na rimiksi ya 2017 (sauti zimechanganywa upya), mimi nakwambia chukua ya 2017 bila kuwaza mara mbili. Ya 2009 ni miksi ileile ya stirio (sauti zimegawanywa kushoto na kulia) ya 1967, imesafishwa tu, kwa hiyo ukivaa hedifoni unakuta vitu vimetupwa upande mmoja na vingine upande mwingine, inachosha masikio aisee. Unajua Beatles wenyewe walikaa na prodyuza wao George Martin kwenye miksi ya mono (sauti zote kwenye chaneli moja), ile ya stirio ikafanywa haraharaka bila wao, ndo maana Giles Martin, mtoto wa George, alipoifanya upya 2017 aliifuata ile mono na akarudi kwenye kanda za mwanzo kabisa, kabla sauti hazijaunganishwa na kuhamishiwa kanda nyingine. Sikiliza dramu za Ringo na besi ya Paul, sasa zina uzito kweli! Halafu wimbo wa She's Leaving Home umerudishiwa spidi ya mono, unakimbia kidogo, kwangu umepona kabisa. Ila ukiipata mono yenyewe usiiache, naipenda kuliko zote.