Jibu: Nihame Windows kwa sababu ya mwonekano mpya?

Ndugu, umeuliza kama ni busara kuhamia Linux, mfumo huria wa kompyuta, kwa sababu tu sasisho la Windows limekuvurugia menyu na upau wa chini. Kwangu hiyo ni sababu tosha. Mikono ikishazoea mahali pa vitu, kuvihamisha bila kukuuliza ni kukuvunjia kazi.

Ila usidhani huko unakokwenda hakuna mabadiliko ya ghafla. GNOME 3, toleo jipya la programu inayoonyesha menyu na madirisha kwenye Linux nyingi, ilipotoka mwaka 2011, watumiaji wengi wa Linux walikasirika kama walivyokasirika wa Windows 8 mwaka 2012, kitufe cha Start kilipoondolewa. Wa Windows walisubiri hadi toleo la 8.1, mwaka 2013, Microsoft iliporudisha kitufe. Wa Linux hawakumsubiri mtu: msimbo wa GNOME 2, toleo la awali, ulikuwa huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuubadilisha, wakauchukua na kuuendeleza kwa jina la MATE, na upo hadi leo. Hiyo ndiyo faida ninayoithamini kuliko zote.

Anza na Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, yenye mwonekano wa Cinnamon au MATE. Iweke kwenye fleshi, uwashe kompyuta kutoka humo na kuitumia siku mbili tatu bila kugusa diski. Jaribu Wi-Fi, sauti, na hasa printa. Ukiamua kuisakinisha, nakili kwanza faili zako kwenye diski ya nje, tafadhali sana.

Kama unategemea Photoshop au makro za Excel (amri zinazojiendesha zenyewe), usifute Windows. LibreOffice, programu huria ya ofisi, hufungua faili za Excel, lakini makro nyingi hukwama. Weka mifumo yote miwili, uchague kila unapowasha.