Maswali ya wasomaji: "Karatasi zilikusanywa nikiwa swali la tatu"

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 20, nasoma uhasibu mwaka wa kwanza, na nina ualbino. Kidato cha nne na cha sita nilipewa mitihani ya maandishi makubwa na niliongezewa muda. Nilipofika chuo nilidhani wanajua. Kwenye jaribio la kwanza nimepewa karatasi sawa na ya wenzangu, maandishi madogo, majedwali yamejaa tarakimu. Karatasi zilikusanywa nikiwa swali la tatu kati ya matano. Nimepata 11 kwa 30. Rafiki yangu wa chumbani ndiye ananisomea madesa usiku, lakini naye ana masomo yake. Naogopa kwenda ofisini maana nimeshaambiwa, "Hapa ni chuo, hakuna kubebwa." Nifanyeje kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula?
Mwanafunzi, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma jana usiku kwenye simu, herufi nimezikuza mpaka maneno manne yanajaza kioo kizima. Macho yangu ni kama yako. Nina ualbino, nina miaka 54, na nimefundisha Historia sekondari miaka 26.

Nianze na hilo la kubebwa, maana naona ndilo lililokufunga miguu. Siku ile wenzako walifanya jaribio moja, wewe ulifanya mawili, la uhasibu na la macho. Aliyesahihisha akayachanganya yote akaandika 11. Sasa hakuna anayejua uhasibu unaujua kiasi gani, hata mwalimu wako hajui. Karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada vinamwezesha kujua. Ukienda ofisini, nenda ukiwa na hilo kichwani.

Mimi sikwenda. Nilipoingia chuo miaka ya tisini nilikaa mwaka mzima kimya. Mwalimu mmoja alipenda chaki ya njano. Kwangu ubao ulikuwa mtupu, nikawa naandika anachosema na kunakili michoro usiku kutoka kwa jirani. Nikapata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Aliyenitoa hapo ni mwalimu mwingine, aliyeniona kwenye jaribio nimeinamia karatasi mpaka pua imegusa wino. Hakusema kitu. Jaribio lililofuata alikuja na manila tatu, maswali yote saba ameyaandika kwa mkono wake, kwa maka peni nyeusi, herufi ndefu kama kidole gumba. Wakati ule idara ilikuwa na mashine ya chapa tu, na mashine ya chapa haikuzi herufi. Nilitandaza manila zile sakafuni mwa ofisi yake nikajibu nimepiga magoti. Nilimaliza. Mpaka leo najiuliza, kama ningemwambia wiki ya kwanza, ule mwaka wangu ungekuwaje.

Kwa hiyo nenda wiki hii. Yale uliyopewa sekondari yaliandaliwa na Baraza la Mitihani. Usitegemee kwamba yamekufuata chuoni. Inabidi uombe upya, na uombe kwa maandishi. Barua iende kwa Mshauri wa Wanafunzi, nakala kwa mratibu wa mitihani wa idara yako, na kama chuo chenu kina kitengo cha elimu maalumu, kama vilivyo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma, anzia huko. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na moja ubaki nayo.

Ambatisha barua ya daktari wa macho. Mwombe asiishie kuandika "ana ualbino", kwa sababu hilo wanaliona. Aandike kipimo. Ikisomeka 6/60, maana yake kitu ambacho mwenye macho ya kawaida anakiona akiwa mita 60, wewe mpaka usogee mita 6. Aeleze pia kwamba miwani haimalizi tatizo, kwa kuwa kwa mwenye ualbino ile sehemu ya nyuma ya jicho inayoona kwa undani haikukua kikamilifu. Wengi chuoni watakuuliza kwa nini hununui miwani tu, na ni vizuri jibu litoke kwa daktari.

Halafu taja unachotaka mpaka mwisho wake, usiandike "naomba msaada". Chukua ukurasa mmoja wa desa, uchapishe kwa saizi za herufi za pointi 16, 18, 20 na 24. Soma kila mmoja dakika 20 bila kupumzika. Ule ambao shingo haikuumi na mistari haipotei, hiyo ndiyo saizi yako. Iandike kwenye barua.

Hapa kuna mtego ambao ulinikuta mimi mwenyewe. Ukisema "maandishi makubwa" bila kutaja saizi, watapeleka karatasi kwenye fotokopi waikuze kutoka A4 kwenda A3. Herufi ya pointi 12 inakuwa kama 17 tu, na sasa una jikaratasi ambalo haliingii kwenye kile kibao cha kiti cha ukumbini. Unaishika kwa mkono mmoja, ukiiachia inaanguka, na kila ukiinama kuiokota unapoteza mstari. Omba ichapwe upya kwenye A4 kwa saizi yako. Na wewe wa uhasibu ongeza sentensi moja, kwamba majedwali yasikatwe katikati. Leja ambayo debiti iko ukurasa huu na krediti iko ukurasa ule itakutesa kuliko ile ya maandishi madogo.

Kuhusu muda, sekondari ulizoea dakika 20 za ziada kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Uhasibu ni tarakimu mwanzo mwisho, kwa hiyo dai lako liwe lile la Hisabati: mtihani wa saa 3, uongezewe saa nzima. Omba pia meza halisi, na ukae dirisha likiwa mgongoni. Mwanga ukitoka mbele, hata pointi 24 haikusaidii.

Rafiki yako mpumzishe kidogo. Waombe walimu slaidi kabla ya kipindi, uzifuate kwenye simu yako wakati wao wanaonyesha ukutani. Simu nyingi za Android zina kikuza-skrini kwenye mipangilio ya ufikivu. Ukiiwasha, gonga kioo mara tatu kinakua. Kwenye kompyuta ya Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha. Kuna na NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, nzuri sana kwa saa ambazo macho yamechoka. Ila desa lililopigwa picha haitalisoma moja kwa moja, kwake ile ni picha tupu. Ndiyo maana umwombe mwalimu faili lenyewe alilochapa.

Wakikuuliza haki hiyo umeitoa wapi, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 24 inataja elimu ya juu waziwazi. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya 2010. Weka mistari hiyo miwili mwishoni mwa barua, kwa adabu. Na lile jaribio la 11, omba ulirudie. Wanaweza kukataa, lakini ombi litabaki kwenye faili lako.

SWALI: Habari mama. Natumia kiti mwendo. Vipindi vyangu viwili viko ghorofa ya tatu na hakuna lifti, wanaume wanne wa darasani wananibeba. Ni watu wema, ila siku wasipokuja nami sipandi. Niombe lifti?
Kijana, Morogoro

JIBU: Lifti iombe, lakini hutaiona kabla hujahitimu. Omba vipindi vishushwe chini. Mtu wa ratiba anaweza kubadilisha chumba kwa asubuhi moja kama ukimfikia kabla muhula haujaanza, na wanafunzi wenzako hawapungukiwi kitu. Mpelekee namba za kozi, siku na saa. Na kama huko chini pia kuna ngazi mlangoni, ipime kwa rula kabla hawajakumwagia zege la njia ya mteremko. Kila sentimita moja ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko. Ngazi ya sentimita 15 inahitaji njia ya mita 1.8. Nimeona njia nyingi zilizojengwa kwa nia njema ambazo mtu wa kiti anashuka kama anaporomoka. Kubebwa, mwanangu, kunatisha na kunavunja heshima hata wabebaji wakiwa ndugu. Nimefurahi umeandika.

SWALI: Dada, salaam. Kijana wangu ni kiziwi, amechaguliwa chuo. Nimepiga simu wanasema hawana mkalimani wa lugha ya alama, ila atakaa mbele asome midomo. Mama yake anasema abaki nyumbani mwaka mmoja. Nishauri.
Mzazi, Tabora

JIBU: Kaka yangu, salaam na hongera. Kusoma midomo hakutoshi. Maneno mengi yanafanana mdomoni. Simama mbele ya kioo useme "baba" kisha "mama" bila sauti, utaona mwenyewe. Na mwalimu akigeukia ubao, kijana amebaki na kisogo.

Kabla hajathibitisha udahili, kiandikie chuo uulize mkalimani atapatikana lini na nani atamlipa, na wajibu kwa barua. Wasiliana na CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Uliza jambo la pili ambalo wengi hulisahau: mwandishi wa noti. Macho ya kijana yatakuwa kwenye mikono ya mkalimani. Akiinamisha kichwa kuandika sentensi moja, mbili zimeshapita. Mwanafunzi mwenzake anayeandika vizuri apangiwe kazi hiyo rasmi, noti zifotokopiwe siku hiyohiyo. Na fomu ya mkopo ikifika, ulemavu wake uthibitishwe na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Msingoje siku ya mwisho, sahihi hiyo huchukua safari zaidi ya moja.

Kuhusu kubaki nyumbani sitajibu leo. Barua yako ina kurasa mbili, umenieleza unavyoona wewe, anavyoona mama yake na alivyosema yule wa simu. Kijana ana miaka 21 na sijaona popote alivyosema yeye. Muulize, kisha umwambie aniandikie mwenyewe.