Jibu: Miguu ya uduvi mdomoni ilitoka wapi?

Ndugu, umeuliza kama kweli jeni moja inaweza kugeuza mguu kuwa chombo cha kulia, kisa wale uduvi unaowaokota kwenye dagaa wakavu wa soko la Mwaloni, Mwanza. Ndiyo, inaweza.

Mloweke mmoja majini, umtazame kwa lenzi. Kifuani ana jozi nane za miguu. Tano za nyuma ni za kutembelea na kushikia. Tatu za mbele ni fupi, zimejikunja chini ya kinywa na kazi yake ni kushughulikia chakula. Hizo nazo ni miguu, ila imebadilishwa kazi.

Anayeamua ni jeni iitwayo Ubx. Pingili ya kifua ambamo inafanya kazi huota mguu wa kawaida. Isipowaka, unaota mguu wa kinywani. Wanasayansi Averof na Patel walilionyesha hili mwaka 1997: Artemia, krasteshia (mnyama wa jamii ya kamba na kaa) mdogo wa maji ya chumvi, ambaye miguu yake ya kifuani inafanana yote, Ubx yake huanzia pingili ya kwanza kabisa. Kwa jamaa za kamba, uduvi akiwemo, huanzia pingili za nyuma zaidi.

Mwaka 2009 ukaja ushahidi wa majaribio, na mimi huu ndio unaonisisimua zaidi. Kwa Parhyale, krasteshia mdogo wa baharini, Ubx ilipopunguzwa kwenye viinitete, miguu ya kifuani ikaelekea kuwa ya kinywani. Ilipowashwa kwenye pingili za mbele, ya kinywani ikawa kama ya kutembelea.

Kwa hiyo usitafute jeni mpya. Jeni ni ileile ya zamani. Kilichohama ni mpaka wake, yaani pingili inapoanzia kuwaka.